Jina moja, mbeyu mbili

Leo naanza kwa kuomba radhi, maana nitaandika safu nzima kuhusu jina ambalo sitalitaja. Ni jina la ukoo wetu, nililozaliwa nalo mimi mwenyewe kabla ya kuanza kutumia hili la mume wangu mnalolijua hapa gazetini. Wazee wameniruhusu nisimulie kisa, lakini jina wamesema libaki nyumbani. Nami nawaelewa. Ni jina adimu mno. Nikilitaja hapa, kabla jua halijazama Mvumi nzima itakuwa imeshajua nani kasemwa.

Utotoni niliamini jina hilo liko kwenye kaya zetu tu. Shuleni sikuwahi kukutana na mwingine mwenye nalo. Nilipokwenda kusoma mbali walimu walilitamka wanavyotaka wao, na nikazoea. Kwa hiyo elewa mshangao wa binti wa kaka yangu, siku alipompeleka mama yake kwenye hospitali moja hapa Dodoma mjini. Wakiwa wamekaa kusubiri dawa, karani akaita jina la ukoo peke yake, bila la kwanza. Binti yetu akasimama. Pembeni yake akasimama na kijana mmoja, aliyekuwa amekuja na bibi yake mzaa baba.

Wakatazamana, wakacheka. "Wewe wa wapi?" "Sisi wa Mvumi. Na nyie?" "Manyoni." Yule bibi alimwangalia binti yetu kwa muda, akamsalimia, "Mbukwa, mwanangu," kisha hakusema neno jingine mpaka dawa zikatoka. Karani alikuwa anamwita bibi. Binti yetu akaketi tena, lakini namba za simu zilikuwa zimeshabadilishana mikono.

Mnajua vijana. Miaka miwili baadaye barua ya posa ikaletwa na mshenga kwa baba mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Juu ya bahasha palikuwa na jina letu kama mtumaji, na jina letu hilohilo kama mpokeaji. Baba mkubwa aliigeuzageuza bila kuifungua. "Nani kamwandikia nani?" aliuliza. Alidhani ni sisi kwa sisi tunadaiana michango.

Alipoelezwa, aliirudisha kwa mshenga. Jina moja, damu moja, akasema, na hapa hakuna harusi.

Siku zilizofuata kundi letu la WhatsApp la ukoo halikulala. Wapo waliosema kijana afukuzwe, wapo waliosema ulimwengu umebadilika, na wapo waliotuma picha za maua kama kawaida yao. Mama wa binti alikuwa analia. Mimi ndiye shangazi, na kwa desturi yetu jambo la namna hii halinipiti. Binti akaja kwangu jioni, akakaa kwenye kigoda jikoni, akasema, "Shangazi, sitaki maneno mengi. Niambie kitu kimoja tu. Huyu ni ndugu yangu au si ndugu yangu?"

Nilifungua mdomo nijibu, nikagundua sijui. Miaka yote hii naandika mambo ya familia za watu, na sikujua kama watu wenye jina langu ni ndugu zangu.

JINA LA UKOO LIMETOKA WAPI?

Nikaanza na swali hili, na ninyi mjiulize pamoja nami. Hilo jina lako la mwisho, lililoko kwenye kitambulisho cha NIDA, nani alikupa?

Wengi wetu Tanzania tunaandika majina matatu: langu, la baba, la babu. Fomu ndiyo iliyofanya lile la tatu liwe la ukoo. Babu yangu hakuwa na jina la ukoo kama tunavyolielewa leo. Alikuwa na jina lake, na ukitaka kumtofautisha na mwenzake ulisema ni wa fulani. Akaja mmisionari na daftari la ubatizo, akaja karani wa kodi, akaja mwalimu na rejista. Kila mmoja akauliza jina la pili, na babu akataja la baba yake. Watoto wa babu wakaandikwa hivyohivyo, wajukuu nao, na jina la mtu mmoja likageuka la ukoo mzima.

Mfano mkubwa tunao wote. Nyerere halikuwa jina la kale la ukoo. Ni jina la baba yake Mwalimu, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyepewa kwa sababu alizaliwa wakati wa viwavi jeshi, ambao kwa Kizanaki ndio nyerere. Mwalimu mwenyewe alikuwa Kambarage. Leo jina hilo la wadudu waharibifu ni la barabara, la uwanja wa ndege, na hapa kwetu ni la Nyerere Square, pale katikati ya mji. Jina la mtu mmoja likawa la ukoo, kisha likawa la mahali.

Wala si sisi peke yetu. Waturuki wengi hawakuwa na majina ya ukoo mpaka sheria ya mwaka 1934 ilipowalazimisha kila mmoja achague lake. Fikiria ndugu wawili wanaoishi miji tofauti, kila mmoja anakwenda kujiandikisha na jina alilolipenda. Tangu siku hiyo wajukuu zao hawafanani jina, ingawa damu ni moja. Na watu wawili wasiojuana kabisa wanaweza kupenda jina moja, wakawa "ukoo" kwa kalamu ya karani.

Wakorea nao wana kisa kinachofanana zaidi na cha binti yetu. Kwao majina ya ukoo ni machache, na Kim peke yake linabebwa na takribani mtu mmoja kati ya watano. Kwa hiyo hawaishii kwenye jina. Wanataja na mahali ulipoanzia ukoo: Kim wa Gimhae si sawa na Kim wa Gyeongju. Kwa muda mrefu sheria ya Korea Kusini ilikataza watu wenye jina moja na asili ya mahali pamoja kuoana, hata kama undugu wao ulikuwa wa karne nyingi nyuma. Wapenzi wengi waliteseka. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilisema katazo hilo linapingana na katiba, na mwaka 2005 likaondolewa, yakabaki makatazo ya ndugu wa karibu.

Hapa kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haijali jina. Inataja ndugu wasioweza kuoana: mzazi na mtoto, babu na mjukuu, kaka na dada, shangazi, mjomba na wengine wa karibu. Inataka pia taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi alilete. Kufanana jina si pingamizi. Lakini baba mkubwa hakuwa anaongea habari za sheria, na binti hakutaka kuolewa kwa kumshinda baba mkubwa wake kwenye karatasi. Alitaka kujua ukweli.

HERUFI MOJA

Nilichukua ile bahasha nikaisoma vizuri. Ndipo nikaona kitu ambacho hasira ya wazee haikukiona. Sisi jina letu lina herufi "h" katikati. Wao hawana.

Wasomaji wangu wa Ugogo mnajua habari ya hiyo "h". Lugha yetu ina sauti ambazo karani wa Kiswahili hazimpandi. Kuna marehemu Askofu Mhogolo wa Dayosisi ya Central Tanganyika, na bila shaka kuna mahali jina hilo limeandikwa bila "h" na mtu mwenye haraka. Kata ya Ng'hong'honha, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, kila kibao kina maoni yake. Kuna pia herufi "c" ya vitabu vya misheni, inayosomwa "ch". Mzee John Malecela, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 1990 hadi 1994, tunamtamka Malechela, lakini ukilitafuta hivyo kwenye orodha hulipati. Kwa hiyo herufi ikipungua haithibitishi kwamba ni watu wengine. Na ikifanana haithibitishi kwamba ni wamoja.

Nikaenda kumuuliza mzee mmoja jirani yangu wa Makole, mtu wa makamo ya juu, aliyesoma zamani katika shule ya Alliance ambayo baadaye ikaitwa Mazengo. Jina hilo ni la Mtemi Mazengo wa Mvumi, mtemi mashuhuri kuliko wote katika Ugogo wa wakati wa mkoloni. Tangu mwaka 2007 mahali hapo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, lakini mzee akikuelekeza njia bado anakwambia "pita pale Mazengo". Nilimweleza kisa chetu. Akacheka.

"Mwanangu, nyie watu wa mjini mnaulizana majina," akasema. "Jina ni nguo. Mtu anaweza kuazima. Kwani kila aliye na duka pale Soko la Ndugai ni ndugu yake aliyekuwa Spika? Nenda kawaulize mbeyu yao, uwaulize na mwiko wao. Kisha urudi."

Kwa wasomaji wasio Wagogo nieleze. Mbeyu ni ukoo kwa maana ya asili, na neno lenyewe ni lilelile la mbegu. Unaipata kwa baba. Koo zetu zina asili za pande nyingi, maana uwanda huu wa kati watu waliuingia kutoka Uhehe, Ukaguru, Unyamwezi na kwingineko, na kila mbeyu ina simulizi ya safari yake. Mbeyu ina na mwiko wake, muzilo: kitu ambacho watu wake hawali au hawagusi. Zamani wazee walipoletewa posa, hayo ndiyo waliyouliza kwanza. Jina la mtu lilikuwa la kumwitia tu.

Baba mkubwa alikuwa anajua hayo yote kuliko mimi. Nikajiuliza, mbona hakuuliza?

SAFARI YA MANYONI

Nilipanda basi asubuhi na kilo mbili za sukari na kitenge. Tukapita Bahi na majaruba yake ya mpunga, tukapita Kintinku, tukaupanda ule ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Manyoni. Mkoa ni Singida, lakini salamu ni ileile, mbukwa.

Yule bibi wa hospitalini ndiye alinipokea. Ana miaka zaidi ya themanini, macho hayaoni vizuri, lakini akili ni kali kuliko yangu. Alinilisha kwanza, ugali wa uwele na mlenda, akaniuliza hali ya mvua upande wetu. Kisha akawatoa watoto nje. "Nilijua mtakuja," akasema. "Tangu siku ile niliposikia wanaita jina, na aliyesimama si wa nyumba yangu."

Nikamuuliza mwiko wao. Akajibu bila kufikiri: "Kanga. Sisi hatuli kanga."

Moyo ulinipasuka kwa furaha, maana sisi kanga tunamla, na baba mkubwa ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Mbeyu zilikuwa mbili. Ningeweza kuondoka hapohapo na jibu langu. Lakini nikauliza swali lililobaki. Kama mbeyu si moja, jina letu mmelipata wapi?

Akasimulia. Nitaandika alivyosema, isipokuwa jina.

Baba yake alikuwa mtoto wa miaka sita au saba wakati wa Mtunya. Wasomaji vijana huenda hamjalisikia neno hilo. Ni jina la njaa kubwa iliyoipiga Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, na maana yake ni kama kugombania, kunyang'anyana. Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka za kulisha askari, Waingereza walipowafukuza nao wakachukua ng'ombe, chakula na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zikakatika. Mashamba hayakuwa na wa kuyalima, na maboma hayakuwa na cha kuuza. Katika wilaya ya Dodoma peke yake inakadiriwa walikufa watu kama 30,000, pengine mmoja kati ya kila watano. Watu waliyahama makazi kutafuta chakula, na wapo waliowaacha watoto kwa wenye akiba ili wapate nafaka ya kuwalisha waliobaki.

Baba yake bibi alikuwa mmoja wa watoto hao. Baba mzazi alitembea naye siku kadhaa mpaka kwenye kaya moja ya Mvumi iliyokuwa bado na uwele. Akaongea na mwenye kaya. Akapewa kapu la uwele, akamwambia mtoto, "Kaa hapa, mvua ikinyesha nitakufuata." Kabla ya hapo, walipoagana nyumbani, mama yake alikuwa amemwambia jambo moja: kokote uendako, usile kanga.

Mvua ilinyesha. Hakuna aliyekuja. Mtoto alichunga ndama wa kaya ile, akakua, akawa kijana. Majirani walimwita "wa kwa fulani", yaani wa kaya ya yule mzee. Alipokwenda kutafuta kazi ya genge la reli huku Manyoni, msimamizi akamuuliza jina. Akataja lake. Akaulizwa la baba. La baba yake mzazi alikuwa amelisahau. Alitaja la mwenye kaya, na msimamizi akaliandika alivyolisikia, bila ile "h".

"Kwa hiyo jina ni lenu," bibi akasema. "Kanga ndiye wa kwetu."

Nilimuuliza kama baba yake aliwahi kusema alitendewa vibaya. Alifikiri. Akasema hakupigwa zaidi ya watoto wengine, alikula walichokula wao, na hilo mwaka ule halikuwa jambo dogo. "Lakini kila masika alikuwa anakaa nje kuangalia njia," akasema. "Hata alipokuwa mzee. Sisi tulidhani anaangalia mvua."

ALICHOKIJUA BABA MKUBWA

Nilirudi nikaenda moja kwa moja Mvumi kwa baba mkubwa. Nilimwambia yote. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye kapu la uwele akashika fimbo yake kwa mikono yote miwili.

"Nilisikia habari ya huyo mtoto," akasema. "Bibi yangu aliniambia nikiwa mdogo. Akasema tusiizungumze."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema watu wangesema babu alinunua mtu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuuliza mbeyu. Alihofia jibu. Alikuwa tayari wasichana na wavulana wa ukoo walie, ilmradi kapu lile lisitajwe. Na kule Manyoni nako walinyamaza miaka mia moja, kwa aibu yao: nani anataka kusema babu yake aliachwa kwa nafaka? Aibu mbili, kila moja imekaa upande wake, na katikati vijana wawili wanaambiwa ni ndugu.

Simhukumu babu wa baba yangu. Sijui ningefanya nini mwaka 1919 nikiwa na kapu moja na watoto wangu ndani. Simhukumu na yule baba aliyeondoka nalo; inawezekana hakufika nyumbani. Lakini sisi tulioshiba tumekosea kunyamaza, maana hatukuwa na njaa ya kujitetea.

Familia zilikutana mwezi uliofuata. Wageni walikuja kumi na wawili, na bibi mbele. Niliogopa sana pale mazungumzo yalipofika kwenye mahari. Kwetu mahari ni ng'ombe, na wazee hupenda kuvutana mpaka jioni. Baba mkubwa akasimama. Akasema hawezi kukaa kuhesabu ng'ombe za watu hawa kana kwamba hajawahi kupokea kitu kutoka kwao. Watalipa kidogo cha kutimiza desturi, basi. Kisha akamwita mjukuu wake, akaleta mtamba mmoja mwekundu, akamkabidhi bibi. "Huyu si wa harusi," akasema. "Huyu ni wa kuchunga ndama."

Bibi alimpapasa yule mtamba shingoni. Akashukuru. Halafu akaomba jambo moja, aonyeshwe mahali alipolala baba yake.

Tulimpeleka kwa gari mpaka linapofika, kisha kwa miguu, tumemshika huku na huku. Kaya haipo tena. Watu wa pale walihamishiwa kijijini wakati wa Operesheni Dodoma mwaka 1971, na nyumba za tembe zikibaki bila mtu huporomoka haraka, mvua mbili tatu na paa la udongo limeshuka. Pamebaki matongo: mawe ya kusagia, majivu ya zizi ambapo nyasi humea kijani zaidi, na mbuyu. Lakini wachungaji tuliowakuta pale, watoto wadogo wasiomjua yeyote katika sisi, tulipowauliza hapa panaitwaje, walijibu kwa jina letu. Kwa fulani. Mwenye kaya alikufa kabla ya baba mkubwa kuzaliwa, na bado pale ni kwake.

Bibi alikaa chini ya mbuyu kitambo. Akauliza njia ya kutokea magharibi ilikuwa ipi. Baba mkubwa akamwonyesha kwa fimbo, ingawa macho ya bibi hayakuweza kuiona.

KABLA HUJAMUULIZA KARANI

Harusi ilifungwa, na sina haja ya kuwasimulia pilau. Ninachotaka mbaki nacho ni hiki.

Dodoma yetu inajaa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji, wakati ile ya mwaka 2012 ilikuwa imehesabu wachache kuliko 411,000. Watoto wetu wanakutana vyuoni, maofisini na kwenye foleni na watu wa kila upande, na majina wanayobeba hayatoshi kuwaambia wao ni nani. Wenye jina moja wanaweza wasiwe ndugu. Wenye majina tofauti wanaweza wakawa watoto wa babu mmoja aliyeandikwa na makarani wawili. Hili la pili linanitisha kuliko la kwanza, maana hakuna bahasha itakayokushtua.

Kwa hiyo chukua daftari la shule, si simu, simu inaibiwa. Kaa na mzee wako mmoja. Usimuulize jina la ukoo, hilo unalo. Muulize mbeyu au ukoo wa asili, kwa kabila lolote ulilo nalo. Muulize mwiko. Muulize mlitoka wapi kabla ya hapa mlipo, na matongo yenu yako wapi. Muulize bibi zako walizaliwa kwa nani, maana majina ya akina mama ndiyo yanayopotea kwanza kwenye fomu. Muulize kama kuna mtoto yeyote aliyelelewa pale ambaye hakuzaliwa pale, na kama kuna wa kwenu aliyekwenda kulelewa kwingine. Akinyamaza kwenye swali hili la mwisho, usimlazimishe. Mtengenezee chai, urudi wiki nyingine.

Na majina ya kwenye vyeti yaandikeni kwa herufi zilezile: cheti cha kuzaliwa, cha shule, NIDA. Herufi moja ikikimbia leo, kesho mtoto wako ataapa mbele ya wakili kwamba yeye ni yeye.

Binti yetu naye amekwenda kubadili jina, kama wake wengi wanavyofanya. Lake limebadilika kwa kupungukiwa na "h" tu. Juzi ameniambia amejifungua salama mtoto wa kiume. Nilimpigia bibi wa Manyoni kumpongeza, nikamuuliza amempa ujumbe gani mjukuu wake mama mzazi.

"Nimemwambia asimpe kanga," akasema.

Tukutane wiki ijayo.